Jicho la Mtoto Halingoji

Imekuwa desturi katika visiwa vyetu, mtoto anapoonekana ana kengeza, wakubwa kumwambia mama yake: "Mwache, litaondoka akikua." Wengine huliona ni pambo la uso, na wengine husema ndivyo alivyoumbwa. Maneno hayo hutolewa kwa mapenzi, lakini yanaweza kumgharimu mtoto jicho.

Ni kweli kwamba macho ya mtoto mchanga huweza kwenda upande katika wiki za mwanzo. Ni kweli pia kwamba wapo watoto ambao upana wa pua baina ya macho huwafanya waonekane wana kengeza ilhali macho yao yamenyooka. Lakini wa kuamua hayo ni mtaalamu wa macho, si jirani.

Kengeza la kuelekea ndani si la namna moja. Lipo linaloanza kabla ya mtoto kutimiza miezi 6, na hilo kwa kawaida huhitaji upasuaji. Lipo linalojitokeza hasa akiwa na miaka 2 au 3, kwa sababu analazimika kuyakaza macho ili aone sawasawa, na kule kukaza ndiko kunakoyavuta ndani. Hilo mara nyingi hunyooshwa kwa miwani tu. Na lipo la ghafla, ambalo likifuatana na kuumwa kichwa na kutapika, au mboni ikionekana nyeupe, mzazi asingoje hata siku moja, kwani huenda ni dalili ya maradhi makubwa ya ubongo au saratani ya jicho.

Madhara makubwa ya kengeza hayaonekani usoni. Ubongo unapoletewa picha mbili zisizolingana, huishika moja na kuipuuza nyingine. Jicho linalopuuzwa halijifunzi kuona; huwa jicho vivu, hali ambayo madaktari huiita ambliopia. Upasuaji huyanyoosha macho, lakini peke yake hauliamshi jicho lililolala. Dawa yake ni kulifunika jicho zima kwa saa kadhaa kila siku, au kulitia matone ya atropini ili lione ukungu, na lile vivu lilazimike kufanya kazi. Tiba hiyo hufaa zaidi kabla ya mtoto kufikia miaka 7. Kadiri umri unavyosogea, ndivyo matumaini yanavyopungua.

Jambo la kutisha zaidi ni kwamba jicho vivu huweza kuwapo bila ya kengeza lolote. Jicho moja likiwa na upungufu kuliko la pili, mtoto huona kwa lile zima, hucheza, husoma, wala halalamiki. Mzazi mwenye kujali kuliko wote hawezi kulijua hilo kwa kumtazama.

Kwa hiyo tunaziomba Wizara za Afya na Elimu zihakikishe kwamba kila mtoto anapimwa macho, moja baada ya jingine, akiwa bado katika maandalizi, kabla ya kuingia darasa la kwanza. Kazi ya awali haihitaji mitambo. Mwalimu aliyefundishwa, mwenye chati ya kupimia na kitu cha kufunikia jicho, anaweza kuifanya. Lakini kupima bila ya kutibu ni kazi bure. Mtoto wa Tumbatu au Kojani atakayegunduliwa apate njia ya kumfikia mtaalamu, na miwani imfikie kabla mwaka haujapita.

Wazazi nao wana wajibu wao. Mtoto atalia atakapofunikwa jicho zima, na atakivua kifuniko. Kumwonea huruma siku hiyo ni kumdhulumu maisha yake yote. Wala haifai kumpa mtoto jina la utani kwa jicho lake, akalizoea, nasi tukalizoea, tukasahau kwamba alikuwa anahitaji daktari.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Jicho nalo ni vivyo hivyo.