JKT kwa Mujibu wa Sheria: Nani Alipe Nauli?

Kila mwaka, mitihani ya kidato cha sita ikishamalizika mwezi Mei, Jeshi la Kujenga Taifa huwatangazia wahitimu wito wa kwenda kupata mafunzo kwa mujibu wa sheria. Majina hupangwa kambi kwa kambi. Wapo watakaoripoti Itende hapa Mbeya, wapo watakaopelekwa Mafinga mkoani Iringa, na wengine watatawanywa hadi Bulombora kule Kigoma, Oljoro kule Arusha au Rwamkoma kule Mara. Mjadala mitaani huwa ni nani kaitwa na nani kapangwa wapi. Aya ya mwisho ya tangazo, ile inayotaja vifaa, husomwa kwa makini na mzazi peke yake, kwa sababu ndiye atakayeilipia.

Aya hiyo imekuwa ikijirudia karibu kwa maneno yaleyale. Kijana aje na bukta ya bluu iliyokoza, fulana ya kijani, raba za michezo, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, traksuti, na nguo za kuzuia baridi iwapo amepangiwa mkoa wenye baridi. Aje pia na vyeti vyake vya kuombea chuo. Kisha, kwa wepesi wa ajabu, tangazo linamalizia kwamba aje na nauli ya kwenda kambini na ya kurudi nyumbani.

Msimamo wangu ni huu: wito unaotolewa kwa nguvu ya sheria hauna haki ya kumtoza anayeitwa. Dola ikishasema "lazima", gharama ya kuitikia wito ni ya dola.

Sisemi haya kwa kuipinga JKT. Nafundisha chuo kikuu katika nyanda hizi za juu, na kila mwaka wa masomo unapoanza huwaona vijana waliotoka kambini wakiketi darasani pamoja na wenzao ambao hawakwenda. Kijana wa Rungwe aliyelala hanga moja na wenzake wa Lindi, Kagera na Pemba, akala nao ugali na maharage na kukimbia nao mchakamchaka alfajiri, hupata kitu ambacho mhadhara wangu kuhusu umoja wa kitaifa hauwezi kumpa. Kwa sababu thamani hiyo ni kubwa, ni dhuluma kuiweka nyuma ya mlango unaofunguliwa kwa nauli.

Fikiri kinachotokea. Mwezi Juni baridi ya Mafinga si ya mzaha. Wenyeji wenyewe hutembea wamejifunika. Kijana wa Kibiti au Nachingwea hana sweta zito nyumbani, wala wazazi wake hawajapata kulihitaji. Lazima linunuliwe, pamoja na raba, traksuti, shuka na nauli ya basi ya kupanda Kitonga, na yote hayo katika siku chache kati ya tangazo na tarehe ya kuripoti. Mzazi mwenye mshahara atanung'unika kisha atalipa. Mkulima anayesubiri mahindi yake yakauke atauza debe kwa bei ya hasara, au atakopa, au atamwambia mwanawe akae tu nyumbani. Huyu wa mwisho hajaasi wito wa taifa. Amefika kituo cha mabasi cha Nane Nane, akauliza bei ya tiketi na kurudi nyumbani.

Gharama ya kukaa nyumbani nayo huja baadaye. Matangazo ya kuandikisha askari wapya wa JWTZ yamekuwa yakitaka mwombaji awe amehitimu mafunzo ya JKT. Kijana aliyekosa nauli akiwa na miaka 19 anaweza kujikuta amekosa sifa ya ajira akiwa na miaka 22.

Historia yetu ina somo hapa, nasi hupenda kulikumbuka nusu. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Miaka mitatu baadaye serikali ilitaka wasomi wote waitumikie kwa miaka 2: miezi ya mwanzo kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu, na zaidi ya 300 wakafukuzwa. Husimuliwa kama kisa cha wasomi wachoyo waliokomeshwa na Mwalimu. Lakini wanafunzi wale walikuwa wamewanyooshea kidole naizesheni wa serikalini kwa mishahara yao minono, na Mwalimu Nyerere hakuipuuza hoja hiyo. Alikataa kuwasamehe utumishi, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alijua kwamba huwezi kumdai mwananchi mhanga ikiwa mzigo haugawanywi kwa haki. Utumishi huo wa lazima ulisimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Tulirejesha amri, swali la nani abebe mzigo tukaliacha kabatini.

Najua majibu yanayotolewa. La kwanza ni kwamba vifaa hivi ni vidogo. Kama ni vidogo kwa mkulima wa Makete, basi ni vidogo zaidi kwa Hazina. Tena jeshi linaloagiza rangi ya bukta hadi rangi ya shuka limekwisha kukiri kwamba hizo ni sare, na sare ya askari hainunuliwi na mama yake sokoni Mwanjelwa.

La pili ni kujitegemea: kijana ajifunze kutopewa kila kitu. Lakini anayenunua traksuti si kijana, ni mzazi. Kujitegemea hufundishwa kambini, kwa jembe na jasho. Kumpima kijana kwa pochi ya baba yake ni kinyume cha kujitegemea.

La tatu ni bajeti, na hili ni la kujadiliwa kwa heshima. Kuwalisha, kuwalaza na kuwafundisha maelfu ya vijana ni gharama kubwa tayari. Lakini ni serikali hiihii iliyofuta ada ya kidato cha tano na sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, kwa hoja kwamba umaskini usimzuie mtoto kufika mwisho wa sekondari. Haiingii akilini tumvushe bure miaka miwili, halafu wiki chache baada ya mtihani wa mwisho tumsimamishe getini tumdai nauli.

Yanayohitajika yanajulikana. Hati ya usafiri si jambo geni serikalini. Kila mhitimu apewe ya kwenda na kurudi kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya yake. Sare za mazoezi, shuka na sweta zinunuliwe kwa jumla na kugawiwa kambini. Majina na makambi yatangazwe kabla ya mitihani kuanza, ili familia ipate angalau mwezi mmoja wa kujiandaa. Na kwa kuwa maombi ya vyuo na mikopo hufunguliwa kijana akiwa bado kambini, huku fomu ya mkopo ikidai saini ya mdhamini na muhuri wa serikali ya mtaa aliouacha nyumbani, kila kambi iwe na dawati, kompyuta na ofisa wa kushughulikia jambo hilo. Kumwambia aje na vyeti vyake peke yake hakutoshi.

Watumishi wa umma mnaosoma hapa, hasa mnaoandaa makisio ya bajeti, kiandikeni kifungu hiki hata kama kitakatwa, ili kwanza kijulikane kuwa kipo. Wanaharakati, waulizeni wabunge wa Mbeya na Iringa ni wahitimu wangapi wa majimbo yao waliitwa na hawakuripoti, na kwa nini. Wanafunzi mliopitia makambi hayo, mnawajua kwa majina wenzenu walioitwa mkasubiri hangani wasitokee. Watajeni mbele ya wakubwa, kwa sababu katika daftari la kambi wameandikwa watoro tu.