Gemu fupi, maksi pungufu? Mimi nakataa

Huku kampasi mambo ni yale yale. UE zinabisha hodi, maktaba imefurika mpaka watu wanasomea ngazini, bumu lilishakata kitambo na chipsi kavu ndiyo chakula cha taifa. Najua mtasema nikasome. Nitasoma. Ila kuna ubishi unaendelea hapa hosteli tangu Jumatano, na mimi nikiwa na dukuduku kitabu hakishikiki.

Ubishi wenyewe ni kuhusu gemu ya Marvel's Spider-Man: Miles Morales. Jamaa mmoja wa uhandisi kasema ile ni "nusu gemu", na ushahidi wake ni kwamba wahakiki wa kule Marekani na Uingereza walisema hivyo hivyo ilipotoka. Wengi wakaitikia. Basi nimekaa nikazisoma zile hakiki, moja baada ya nyingine, na leo naomba nitoe maoni yangu.

Kwa wasioijua, kwanza historia fupi. Mwaka 2018 kampuni ya Insomniac Games ya California ilitoa Marvel's Spider-Man, mhusika mkuu akiwa Peter Parker. Humo ndani alikuwemo kijana anaitwa Miles Morales, baba yake Mmarekani mweusi, mama yake mtu wa Puerto Rico. Miles si mtoto wa gemu. Alizaliwa kwenye vitabu vya katuni vya Marvel mwaka 2011, kazi ya Brian Michael Bendis na mchoraji Sara Pichelli. Novemba 2020 Insomniac wakamtolea gemu yake mwenyewe, kwa PS4 na PS5. Peter anasafiri kwa wiki chache, Miles anabaki kuilinda New York peke yake. Ni majira ya Krismasi, theluji kila mahali, na yeye ndiyo kwanza kahamia Harlem na mama yake, ambaye anagombea udiwani. Ni gemu iliyochipuka kutoka gemu nyingine, na hilo hakuna aliyelificha.

Sasa, wahakiki walisemaje? Kwa jumla waliisifu sana. Ukiingia Metacritic, ule mtandao unaokusanya hakiki na kuzigeuza kuwa namba moja, utakuta toleo la PS5 lina 85 kwa 100. Ile ya 2018 ilipata 87. Walimsifu Nadji Jeter kwa sauti ya Miles, wakasifu muziki, wakasifu Harlem yenyewe jinsi inavyoonekana mtaa wa watu wanaojuana. Lawama zilikuwepo pia: rafiki yake Miles anayegeuka adui unamshtukia mapema, na mji ni ule ule tuliouzunguka 2018. Hizo lawama nazikubali, ni za haki kabisa. Lakini lawama iliyojirudia kuliko zote ni moja: fupi. Hadithi kuu unaimaliza kwa saa saba mpaka kumi hivi.

Hapo ndipo mimi na wahakiki tunapoachana.

Sisi wa ualimu tuna somo la upimaji na tathmini (wenzangu wa mwaka wa pili mnalijua, msijifanye hamkumbuki). Jambo la kwanza unalofundishwa ni kwamba kipimo lazima kipime kile kilichokusudiwa. Ukitoa swali la insha ya ukurasa mmoja, mwanafunzi akaandika ukurasa mmoja uliokamilika, humkati maksi kwa sababu dada yake mwaka jana aliandika kurasa tatu. Nilipokuwa BTP nilisahihisha rundo la insha za kidato cha pili, na nawahakikishia, zile ndefu si ndizo zilizokuwa nzuri. Nyingi zilikuwa zinarudia aya ya kwanza kwa maneno mengine ili karatasi ijae. Mtoto anajua mwalimu mvivu anasahihisha kwa macho, anapima kwa rula.

Saa za gemu nazo ni rula. Kujaza saa ni rahisi: weka njiwa mia wa kukimbiza, weka kambi ishirini za majambazi zinazofanana. Swali la haki ni hili: hadithi ya kijana mmoja anayejifunza kusimama mwenyewe wakati mkubwa wake kasafiri, inahitaji saa ngapi? Mimi naona Miles alipewa saa zinazomtosha. Mwanzo anayumba hewani, anaruka kama mtu anayejifunza baiskeli. Mwisho (sitausema, wengine hamjacheza) anaruka kwa staili yake, na watu wa Harlem wanamwita wao. Ongeza saa kumi hapo katikati uone kama haitapoa kama chai ya kantini.

Na msidhani haya mambo ya maksi ni ya kubishania hosteli tu. Kuna watu mishahara yao iko pale. Mfano unaojulikana ni Fallout: New Vegas ya 2010, nayo gemu iliyochipuka kutoka nyingine, ingawa haina shujaa wa kuruka. Chris Avellone, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa kampuni ya Obsidian iliyoitengeneza, alieleza mwaka 2012 kwamba mkataba wao uliwaahidi bonasi kama gemu ingefikisha 85 Metacritic. Ilipata 84. Maksi moja! Sisi tunaojua maana ya kupata 39 wakati kufaulu ni 40 ndio tunaoelewa uchungu wake. Na Metacritic yenyewe hailinganishi hakiki zote sawa. Baadhi ya vyombo vina uzito zaidi, na uzito huo hawautangazi. Sasa mhakiki anapokata maksi mbili tatu kwa sababu ya "saa chache", ajue anachokata.

Mtaniuliza: je, urefu ungekuwa ndiyo ubora, si tungeuona? Tumeuona. Februari 2024 kampuni ya Rocksteady ilitoa Suicide Squad: Kill the Justice League, iliyochipuka kutoka gemu zao maarufu za Batman: Arkham. Hiyo ilitengenezwa isiishe kabisa: misimu mipya, silaha mpya, misheni zinazojirudia ili urudi kila wiki. Wahakiki hao hao waliilaza chini, Metacritic ikaishia maeneo ya 60, na Warner Bros. Discovery wakatangaza pigo la dola milioni 200. Lawama kubwa? Kujirudia. Yaani fupi kosa, ndefu ya kujirudia kosa. Basi tukubaliane kwamba kinachopimwa kilikuwa kitu kingine, ila rula ilikuwa karibu na mkono.

Nije kwenye hoja ya jamaa wa uhandisi, maana simpuuzi. Anasema gemu ni hela. Kweli. Miles Morales ilitoka kwa dola 49.99 wakati ile ya 2018 ilianza kwa 59.99, na mtu anaweza kusema punguzo la dola kumi kwa hadithi karibu nusu ya ile si haki. Mhakiki ana wajibu wa kumwambia msomaji ni saa ngapi na ni bei gani. Aseme, tena aseme mapema. Lakini kusema ni habari, kukata maksi ni hukumu. Ni vitu viwili.

Halafu jamani, hesabu ya thamani inategemea umekaa wapi. Mhakiki wa California mara nyingi anatumiwa gemu bure kabla haijatoka, kisha anaketi sebuleni kwake kuhesabu saa kwa niaba ya mnunuzi. Sisi wengi hapa hatununui gemu. Tunacheza banda la nje ya geti, buku kwa saa, na nyuma yako kuna foleni ya watoto wa shule za sekondari wanaokuhesabia dakika. Kwetu gemu ya saa arobaini ni gemu ambayo hutauona mwisho wake maisha yako yote ya chuo. Miles Morales niliimaliza. Buku nane, Jumamosi nne. Ni miongoni mwa hadithi chache za kwenye skrini ile ambazo watu wa banda letu tumezijua mwanzo hadi mwisho, tukaweza kuzibishania. Kile wanachokiita upungufu ndicho kilichotufungulia mlango.

Je, nasema uhakiki hauna maana? Hata kidogo. Ile ya 2018 ilipotoka, baadhi ya wahakiki walihoji kwa nini Spider-Man ni rafiki wa polisi kiasi kile, anakwenda kuwawashia minara yao ya kuchungulia raia mji mzima. Hiyo hoja haina namba. Lakini gemu ya Miles ilipokuja, mwaka ule ule George Floyd aliouawa, minara ile haikuwepo, na palikuwepo mchoro mkubwa ukutani wenye maneno Black Lives Matter. Siwezi kusema nani alimsikiliza nani. Ninachosema ni kwamba mazungumzo ya aina ile yanamfaa mtengenezaji na mchezaji, na hayapatikani kwenye 85 wala kwenye 87.

Kwa hiyo walimu wenzangu watarajiwa, siku mtakapokaa na rundo la madaftari saa sita usiku, taa inazimika na mko hoi, msianze na kuhesabu kurasa. Someni swali mlilouliza, kisha msome alichojibu mtoto. Na wewe jamaa wa uhandisi, najua unasoma hapa: Jumamosi hii nakulipia saa ya kwanza. Cheza mpaka mwisho ndiyo tubishane.

Nawakilisha. Sasa naenda maktaba, kama ngazi bado ina nafasi.