Pugu kuna njia za baiskeli msituni, lakini kijana wa Mabibo atafikaje?

Dar es Salaam. Pita kwa fundi baiskeli yeyote Mabibo, utaziona baiskeli za mtumba zenye tairi pana na gia kibao. Zimetengenezwa kwa ajili ya milima na njia za udongo. Zikishapona, nyingi zinaishia kuzunguka mitaani, zikipishana na bajaji na bodaboda.

Milima yenyewe wala haiko mbali. Kama kilomita 20 hivi kutoka Mabibo, upande wa Kisarawe, kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kuendesha baiskeli ni moja ya shughuli za utalii zinazotangazwa pale, pamoja na kupanda vilima kwa miguu na kuweka kambi.

Kwa hiyo njia zipo, na baiskeli zipo. Kinachokosekana ni namna salama ya kuvifikisha pamoja.

Hatari iko wapi?

Kutoka Mabibo, mwendesha baiskeli anaingia Barabara ya Mandela, ambako malori ya makontena yanakwenda na kurudi bandarini. Akifika TAZARA anakata kulia kushika Barabara ya Nyerere, anapita Uwanja wa Ndege, Ukonga na Gongo la Mboto, ndipo afike Pugu. Mteremko mkali wa msituni haumtishi kama lori linalompumulia mgongoni.

Mwenye gari hana shida: anafunga baiskeli nyuma, anaishusha getini. Asiye na gari afanyeje? Daladala limejaa, baiskeli haina pa kukaa. Matokeo yake, msitu ulio jirani na watu wa kipato cha kawaida unakuwa rahisi zaidi kwa anayetoka mbali na gari lake.

Na jiji hili si geni kwa mada hii. Mabibo ndiko kilipo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT). Mwaka 2018 Dar es Salaam ilipata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya kimataifa kutokana na mradi wa mabasi yaendayo haraka, ulioanza kutoa huduma Mei 2016 na kuja na njia za waenda kwa miguu na baiskeli pembeni mwa Barabara ya Morogoro. Tatizo, ukipita huko leo unakuta meza za biashara na bodaboda zimeshaweka kambi.

Nafasi iliyopo

Awamu ya tatu ya mradi huo inafuata Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto, pua na mdomo na Pugu. Njia za pembeni zikiachwa wazi na kulindwa, sehemu kubwa ya safari ya kwenda msituni itakuwa imepata ufumbuzi. Kitabaki kipande cha Mandela, kutoka Mabibo hadi TAZARA, na kile cha mwisho kutoka Gongo la Mboto hadi getini. Hilo linahitaji wanaosimamia barabara na wanaosimamia msitu wakae meza moja.

Nairobi inaonyesha faida yake. Msitu wa Karura, hekta zaidi ya 1,000, ulikaribia kumegwa na wajenzi hadi Wangari Maathai na wenzake walipousimamia kidete mwaka 1999. Leo watu wanakimbia na kuendesha baiskeli humo. Mwaka 2025 ulipozuka mvutano kuhusu nani asimamie ada za kiingilio, wananchi walipaza sauti na suala likafika mahakamani. Watu hutetea mahali wanapopajua.

Pugu inahitaji watetezi wa aina hiyo. Msitu umeteseka kwa miaka mingi kwa ukataji wa miti ya mkaa, na ni katika vilima hivyo Mto Msimbazi unaanzia, mto uleule unaofurika Jangwani kila mvua kubwa ikinyesha. Kijana anayepita njia zilezile kila wikiendi ataona tanuri jipya la mkaa mapema.

Lakini ili alione, kwanza afike. Kwa sasa, safari yake inakwama Mandela.