Bafle tano katika saloni moja

NYUMBA YETU: Mashauri ya kila mwezi



Mwezi huu tuzungumuze juu ya kitu chenye kuleta furaha katika nyumba, na mara ingine chenye kuleta makelele tu: ampli na bafle za televizyo, ile watu wanaita homu sinema. Vijana wanaipenda sana. «Baba, ba jirani beko na bafle tano, shiye tuko na kamoya tu!» Baba anahesabu mushahara, mama anawaza feza za masomo, na mwishowe mutu anaenda dukani na kuchagua katoni yenye namba kubwa kuliko zote. Siku tatu kisha, mabati yanatetemeka, lakini nkambo angali anauliza: «Anasema je ule?» Besi iko, maneno hayasikiki.

Basi tushike neno moja tangu mwanzo: kazi ya kwanza ya sauti ya nyumba ni kusikilizisha maneno. Ukichagua kwa kufuata neno hilo, hautapoteza feza.

1. Bafle hizo zinafanya kazi gani?

Jambo hili limetoka katika majumba ya sinema. Tangu 1940, filme Fantasia ya Walt Disney ilionyeshwa katika majumba machache ya Marekani ikiwa na bafle za pande mbalimbali. Katika 1992, filme Batman Returns ilitumia Dolby Digital, sauti yenye njia tano na njia moja ya besi. Kisha DVD, zilizoanza kuuzwa Japani katika 1996, zikaleta sauti hiyo mupaka nyumbani. Ndiyo maana kwenye katoni wanaandika 5.1: tano ni bafle za kawaida, na moja ni ya besi, ile sabufa.

Kila moja iko na kazi yake. Bafle mbili za mbele, ya kushoto na ya kuume, zinaleta muziki na upana wa filme. Ile ya katikati, chini ya televizyo, inabeba karibu maneno yote ya watu. Mbili za nyuma zinaleta mvua, upepo, makofi ya uwanja wa mpira. Sabufa inaleta ngurumo.

Sasa angalia: katika katoni nyingi za bei ndogo, bafle ya katikati ni kamoja kadogo sana, na sabufa ni sanduku kubwa. Muuzaji anajua kwamba ngurumo ndiyo inauzisha. Lakini ni ile ndogo ya katikati inayobeba maneno. Ikiwa mbaya, filme yote ni mbaya. Kwa hiyo, ukifika dukani, uliza ya katikati kwanza.

Jua pia kwamba vidio nyingi za simu na vipindi vingi vya televizyo vinaleta njia mbili tu, kushoto na kuume. Ampli inaweza kugawanya njia hizo mbili katika bafle tano, lakini inakisia tu. Sauti ya nyuma ambayo haikuandikwa haiwezi kuonekana. Kama nyumbani kwenu munaangalia zaidi habari, mpira na nyimbo, bafle mbili nzuri zitawatumikia kuliko tano mbaya.

2. Usidanganywe na watti

«Watti 5000!» Kama pembeni kumeandikwa PMPO, achana na namba hiyo. Ni namba ya kuvuta macho, haipimwi kwa njia ambayo watu wote wanakubali. Tafuta neno RMS, yaani nguvu ambayo ampli inaweza kutoa bila kuchoka. Kisha geuza mashini, usome kibati cha nyuma. Kama kimeandikwa kwamba inakula watti 80 za umeme, itatoa namna gani watti 5000? Mutu hawezi kutoa katika mufuko feza ambazo hazimo.

Tena, watti nyingi hazileti sauti nyingi namna tunavyowaza. Ukizidisha watti mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu. Sikio linaona tofauti kidogo. Kusudi sikio lisikie kama sauti imekuwa mara mbili, unapaswa kuzidisha watti karibu mara kumi. Namba yenye faida ni ile ya bafle yenyewe: inatoa desibeli ngapi ikipewa watti 1, kwa umbali wa metre 1. Bafle ya desibeli 90 inahitaji nusu tu ya nguvu ambayo ile ya 87 inahitaji. Katika saloni zetu, kwa kusikiliza kwa kiasi, watti chache tu ndizo zinafanya kazi.

Namba ingine ni ohm. Kama nyuma ya ampli wameandika 6 mupaka 16, usifunge bafle ya ohm 4. Na vijana, musikilize hapa: munapofunga bafle mbili za ohm 8 pamoja, bega kwa bega, kwenye mulango mumoja wa ampli, zinakuwa ohm 4. Ampli inapata moto, inajizima, ao inaungua. Hivyo ndivyo mashini nyingi zinakufa siku ya sikukuu, wakati kila mutu ameleta bafle yake. Tena kugeuza ampli ndogo mupaka mwisho kunaharibu sauti, na twita, ile bafle ndogo ya sauti za juu, inaungua ya kwanza.

3. Umeme wetu

Kwetu umeme ni volti 220, hertz 50. Mashini ya mutumba iliyotoka Japani inaweza kuwa ya volti 100, na ya Marekani volti 120. Ukiichomeka ukutani bila transfo, moshi unatoka mara moja. Soma kibati kabla ya kulipa: 220-240 V.

Tena, delestaje. Umeme ukikatika, toa fishi ukutani. Ukirudi, ngoja dakika tano, kwa sababu wakati wa kurudi unapanda na kushuka. Stabilizateri ni lazima, na nguvu yake ipite nguvu ya vyombo vyote vilivyofungwa juu yake. Katika majira ya mvua, radi ikianza kusikika mbali, toa fishi ya umeme na pia waya ya antena. Wengi wanakumbuka ya kwanza, wanasahau ya pili.

4. Pima saloni mbele ya kupima mufuko

Nyumba nyingi za kambi ziko na saloni ya metre tatu na nusu kwa nne, sima chini, mabati juu. Sauti inapiga sima, inapiga ukuta, inarudi, na maneno yanachanganyikana. Mbele ya kununua bafle ya bei kubwa, tandika mukeka ao tapi chini, weka pazia nzito dirishani, na rafu ya vitabu kwenye ukuta wa nyuma. Utasikia tofauti siku ileile, na kwa feza kidogo.

Kisha panga hivi. Bafle mbili za mbele na kiti chako zifanye pembe tatu zenye urefu sawa. Ya katikati iangalie masikio ya mutu aliyekaa, si magoti yake. Za nyuma ziwe pembeni na nyuma kidogo ya kiti, juu kidogo kuliko masikio. Sabufa usiiingize katika kona: kona inazidisha besi, na besi inafunika maneno.

Ampli nyingi zinauliza umbali wa kila bafle. Watoto wachukue metre na wapime. Ni somo zuri la fizika. Sauti inatembea karibu metre 340 kwa segonde moja, kwa hiyo bafle iliyo mbali zaidi inachelewa kidogo. Ampli inachelewesha zile za karibu, kusudi zote zifike pamoja. Na kama hauna bafle ya katikati, uiambie ampli kwamba haiko. Hapo itapeleka maneno katika zile mbili za mbele. Usipofanya hivyo, maneno yatapotea, na utalaumu filme bure.

5. Masikio hayako na siku ya konji

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu katika miji yetu ya migodi jambo hili ni kubwa.

Wanganga wa kazi wanahesabu hivi: mutu anaweza kukaa katika kelele ya desibeli 85 kwa saa 8. Ikiwa 88, saa 4. Ikiwa 91, saa 2. Ikiwa 100, dakika 15 tu. Mashini ya kutoboa mawe inapita 100. Kwa hiyo baba anayetoboa mawe, ao anayefanya kazi karibu na mashini za kusaga mawe, anarudi nyumbani akiwa amemaliza sehemu yake ya siku, zaidi sana kama hakuvaa kinga za masikio. Sikio halitofautishi kelele ya kazi na kelele ya nyumba. Yote linahesabu.

Na linapoanza kuharibika, halipoteze ngurumo kwanza. Linapoteza sauti za juu: s, f, t, ch. Mutu anasikia kwamba watu wanaongea, lakini hatambui wanasema nini. Anafanya nini? Anapandisha sauti. Besi inapanda pamoja na maneno, nyumba yote inatetemeka, na watoto waliokaa chini karibu na bafle wanaanza kuharibika nao. Baba hajaponywa, na watoto wameumizwa.

Dawa ni ingine: pandisha bafle ya katikati peke yake, shusha sabufa. Ampli nyingi zinaruhusu kufanya hivyo. Karibisha kiti cha baba kwenye televizyo. Naye aende kwa munganga apimwe masikio. Si haya, ni ajali ya kazi kama ile ya mukono.

Katika 2019, Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, lilitoa kipimo kwa wenye kusikiliza muziki kwa simu na vyombo vidogo: mukubwa desibeli 80 kwa saa 40 katika juma moja, mutoto 75. Nyumbani hauko na chombo cha kupima? Jaribu hivi: ukikaa metre moja na mwenzako na unapaswa kupiga kelele kusudi akusikie, sauti imepita kiasi. Shusha.

Kuko pia jirani. Besi inapita ukuta kama maji katika muchanga. Nyuma ya ukuta ule pengine kuko mutu wa posti ya usiku, aliyelala saa mbili ya asubuhi, na usiku huu atashuka tena katika shimo. Kama hakulala, atafanya kazi akiwa na usingizi, karibu na mashini ambazo hazisamehe. Hilo si jambo la adabu tu, ni jambo la maisha ya mutu. Tafuta kwenye ampli kile wanaita modi ya usiku: inapunguza ngurumo na kuinua maneno ya chini. Na kisha saa tatu ya usiku, ao muchana wakati jirani analala, zima sabufa. Filme haitakufa.

6. Namna ya kununua bila haraka

Hakuna sheria ya kununua vyote siku moja. Nunua kwanza ampli nzuri yenye milango ya bafle tano, na bafle mbili za mbele. Mwaka mungine, ongeza ya katikati, ya aina moja na zile mbili, kusudi sauti isibadilike wakati mutu anatembea katika picha. Za nyuma na sabufa zije mwishoni, kama mungali munazitaka. Lakini katoni yenye vyote ndani mara nyingi iko na fishi zake peke yake: kitu kimoja kikifa, yote inakuwa muzigo.

Angalia pia kama ampli na televizyo ziko na fishi ya HDMI yenye herufi ARC. Hapo waya moja tu inatosha kurudisha sauti ya televizyo katika ampli. Kwa saloni ndogo sana, bafle moja ndefu ya kuweka chini ya televizyo inaweza kutosha.

Ukienda kusikiliza dukani, usikubali nyimbo ya muuzaji. Beba kile wewe unajua: mahubiri, habari, mazungumzo ya mwanamuke na ya muzee. Funga macho. Sikiliza kwa sauti ndogo, si kubwa. Kwa sauti kubwa kila bafle inajificha. Kama maneno yote yanafika bila kukaza sikio, umepata.

Ya kuzungumuza nyumbani

- Katika nyumba yetu, nani hasikii maneno ya televizyo vizuri? Tumemuuliza?
- Jirani wetu analala saa ngapi? Tunajua posti yake?
- Tunanunua bafle kusudi sisi tusikie, ao kusudi avenyu yote ijue kwamba tumenunua?

Mujibu pamoja, wazazi na watoto, mbele ya kwenda dukani. Tukutane mwezi ujao.