Nani kasema mweusi akitawala basi mweusi kawa huru?

Jamani wadau, nimepotea kidogo, majaribio ya wiki hii yametubana kweli kweli. Ila hili siwezi kulilaza.

Juzi usiku hapa hosteli tuliangalia filamu ya Black Panther wa Oakland (wale wa kweli, sio wa Wakanda!). Ilipoisha kila mtu kakasirika. Hivi ni serikali gani inayoogopa watu wanaowapa watoto kifungua kinywa? Maana walianza Januari 1969, kanisani, wanalisha watoto kabla ya kwenda shule. J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, akauona mpango ule kuwa tishio. Disemba mwaka huohuo polisi wa Chicago wakamuua Fred Hampton alfajiri, kitandani kwake, na ramani ya nyumba ilitoka kwa mtu wa FBI. Alikuwa na miaka 21. Miaka yangu mimi. Halafu 1975 serikali hiyohiyo ikaufanya mpango wake yenyewe wa kifungua kinywa mashuleni kuwa wa kudumu. Kumbe tatizo halikuwa chakula, tatizo ni nani kakipika.

Basi jamaa wa kitanda cha juu akasema tumshukuru Mungu, sisi tulipata serikali ya weusi wenzetu. Wote wakaitikia. Hapo ndo nilipochefukwa.

Nikawauliza, nani anaijua Litowa? Kimya! Chumba kizima cha walimu watarajiwa, watu tuliokariri Elimu ya Kujitegemea ya 1967 mpaka nukta zake, hakuna anayeijua Litowa.

Litowa iko Songea. Vijana wa TANU, akiwemo Ntimbanjayo Millinga, walianza kijiji chao mwanzoni mwa miaka ya 60, kabla Mwalimu hajaandika Ujamaa Vijijini. Hakuna aliyewaswaga. Walilima pamoja, wakaamua wenyewe kwenye mikutano yao, wakawa na shule yao ambayo masomo na kazi za kijiji vilikwenda pamoja. Vijiji vingine vikajiunga, ikawa Ruvuma Development Association, takriban vijiji 17. Wakawa na mashine yao ya kusaga. Yaani kujitegemea kwenyewe, sio kwa kwenye mtihani.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikaivunja. Mali ikachukuliwa, walimu wa Litowa wakahamishwa. Kosa lao? Wakubwa wa mkoa hawakupenda wakulima wanaojiamulia, na chama kikataka ujamaa upite mkononi mwake. Mwaka ni uleule, 1969! Novemba 1973 Mwalimu akatangaza kuishi vijijini ni amri, mwisho 1976, na watu wengine wakahamishwa kwa nguvu. Kile ambacho wa Litowa walikifanya kwa hiari kikarudi kimepanda lori la serikali.

Jamaa akanijia juu: "Dada, Ruvuma hakuna aliyepigwa risasi kitandani." Kweli, na namkubalia kabisa. Mwalimu sio Hoover, na hao vijana aliwahi kuwaunga mkono. Lakini ndo maana linauma zaidi. Kwa adui ulitegemea. Huyu ni ndugu yako, kakufundisha neno kujitegemea, halafu ulipojitegemea akakuuliza nani kakuruhusu.

Eti nataka tusiwe na serikali. Nani kasema? Barabara nazitaka, hospitali nazitaka, na mkopo wa chuo nao nautaka (tena uwahi!). Nisichotaka ni kuambiwa ukoloni ulikuwa rangi ya ngozi tu, na bosi akishakuwa mweusi basi nikae kimya. Hata chuo kikuu cha Dar, Novemba 1970, wanafunzi wa USARF walifungiwa chama chao na jarida lao la Cheche. Na hao walikuwa wajamaa kuliko serikali yenyewe!

Nikienda mazoezi ya kufundisha, mada ya kujitegemea ikifika naandika Litowa ubaoni, na tarehe ya kuvunjwa pembeni. Mkaguzi akiniuliza, nitamjibu.

Jamaa kaninunia mpaka leo. Maoni yenu nayasubiri, ila msinitukanie Mwalimu, mimi mwenyewe nampenda.