Shamba la Mabinti
Mzazi wa mabinti wawili anayeishi Kitale, na kwao ni Bungoma, huulizwa swali moja kila matatu inapomshusha nyumbani: mvulana atakuja lini? Agosti ya miaka ya shufwa ndiyo ngumu zaidi, vijana wa Kibukusu wanapozunguka wakipiga kengele za chinyimba kuwaalika jamaa kwenye tohara, na boma la wasichana watupu huonekana halina sherehe. Mabinti wangu hawana habari na hayo. Mkubwa anamsuka mdogo nywele zisizoshikika, mdogo anataka kujua mbona mahindi ya kuka, babu yao, yana ndevu, kisha wanagombania kukaa karibu na kukhu, bibi yao, jikoni. Mimi nasikia swali lililojificha: shamba ataachiwa nani? Jibu lipo. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, inataja watoto bila kutenga wa kiume na wa kike. Mwaka 2005, katika kesi ya familia ya Rono, Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja kwamba binti apewe kidogo kwa sababu ataolewa. Katiba ya 2010 nayo inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi za ardhi. Wazee wetu nawaheshimu kwa dhati, ndiyo maana nataka tuyazungumze haya wangali hai, si baada ya matanga, ndugu wakiwa wameshaajiri mawakili. Msimu wa kupanda ukifika nitawatembeza wanangu mipaka yote ya shamba, mchana kweupe, na majirani watuone.