Alama za Mtihani na Sura ya Darasa: Mwanafunzi wa Shimanzi na Kiswahili Anachodhaniwa Kukijua

Kundi la kwanza la wanafunzi wa Mtaala wa Umilisi lilijiunga na Gredi ya 7 mwaka 2023, likafanya mtihani wa kitaifa wa sekondari msingi (KJSEA) mwishoni mwa mwaka 2025. Mfumo umebadilika, lakini mazoea ya kuyasoma matokeo hayajabadilika. Shule hutazamwa kwa wastani wake, kisha hukumu hutolewa. Shule ikiwa ya umma, na ikiwa katika kisiwa cha Mombasa, hukumu huwa kali zaidi katika somo la Kiswahili. Aghalabu husemwa kwamba mtoto wa Mombasa hana udhuru wa kushindwa na lugha aliyozaliwa ndani yake.

Makala haya yanashikilia kuwa dai hilo ni potovu. Alama za shule ya umma haziwezi kufasiriwa ipasavyo pasipo kujua ni nani wanaoketi madarasani mwake, na Shimanzi ni mfano bora wa jambo hili.

Shimanzi si Mji wa Kale. Ni mtaa wa matangi ya mafuta, maghala, reli na malori, ulioegemea bandari ya Kilindini. Tangu ujenzi wa reli ulipoanza Mombasa mwaka 1896, na kadiri bandari ilivyopanuka, kazi za gati na reli zimewavuta watu kutoka vijiji vya Mijikenda, Taita, Ukambani, Nyanza na Magharibi. Mgomo mkuu wa Januari 1947, uliowaunganisha wafanyakazi wa bandari, wa reli na wengineo, ulidhihirisha kwamba kisiwa kilikuwa tayari makao ya maelfu ya vibarua wa asili mbalimbali. Watoto wanaosoma katika shule za umma za mitaa kama hii leo ni warithi wa historia hiyo.

Hebu msomaji awazie wanafunzi watatu wa darasa moja. Wa kwanza amelelewa kwa Kimvita. Huandika "ndia" pahali pa "njia", "nti" pahali pa "nchi" na "mato" pahali pa "macho". Wa pili amezaliwa na wazazi wa makabila tofauti waliokutana mjini na kukifanya Kiswahili lugha ya nyumba yao. Msamiati anao tele, ila huandika "vitabu zangu" na "kiti yake". Wa tatu amehamia mjini juzi kumfuata mzazi aliyepata kibarua. Kanuni za ngeli amezikariri barabara, lakini maneno humwishia katikati ya insha.

Kalamu nyekundu huwahukumu watatu hawa sawasawa. Wote hupata alama ya chini, na wote huambiwa wasome kwa bidii zaidi. Ilhali matatizo yao hayafanani hata kidogo. Wa kwanza ana lahaja kamili yenye sarufi na fasihi ya karne nyingi. Anachohitaji ni kuonyeshwa mpaka baina ya lahaja yake na lugha sanifu. Wa pili anahitaji mazoezi ya upatanisho wa kisarufi. Wa tatu anahitaji kusoma vitabu vya hadithi na kupewa nafasi ya kuzungumza. Dawa moja haiwezi kuwaponya wote.

Ni kinaya kwamba mkutano ulioafikiana Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, mwaka 1928, ulifanyika papo hapo Mombasa. Tangu hapo, msemaji wa Kimvita amekuwa mgeni wa kiasi fulani katika nyumba ya lugha yake. Mfumo wa 8-4-4 ulipokifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa mwaka 1985, ugeni huo ulianza kuhesabiwa kwa alama.

Hatari kubwa ni kwamba alama zisizofasiriwa huzaa lawama. Wapo wanaosema watoto wa bara wamekiharibu Kiswahili cha Pwani. Wapo pia wanaosema watoto wa Pwani ni wavivu. Kauli zote mbili zinamsingizia mtoto dhambi ya mfumo uliomkadiria kabla ya kumjua. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Riziki nayo ina nafasi yake. Baada ya reli ya kisasa kuzinduliwa mwaka 2017, na makontena kuelekezwa Nairobi kwa treni, wenye malori na wafanyakazi wao waliandamana Mombasa wakilalamikia kupotea kwa kazi, hadi agizo hilo lilipobatilishwa mwaka 2022. Kibarua cha mzazi kikikatika, mtoto huweza kupelekwa kwa bibi yake kijijini na kurejea mihula kadhaa baadaye. Wastani wa shule hauonyeshi safari hiyo.

Wapo watakaopinga kwamba kuangalia asili ya wanafunzi ni kuwatafutia visingizio. La hasha. Kiwango kinachotakiwa ni kimoja kwa wote, na mwanafunzi wa Shimanzi anastahili kukifikia kama mwingine yeyote. Kinachotofautiana ni pahali anapoanzia. Mwalimu asiyepajua pahali hapo hawezi kumwonyesha njia.

Mtaala wenyewe umetoa fursa. Asilimia 20 ya alama za mwisho hutokana na tathmini za shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Tathmini hizo zitumiwe kuainisha makosa kwa chanzo chake, wala zisiwe mazoezi tu ya mtihani. Walimu pia wapatikane wa kutosha na waajiriwe kwa masharti ya kudumu. Mgomo wa walimu wanagenzi wa sekondari msingi mwaka 2024 ulionyesha jinsi msingi huo ulivyo dhaifu.

Wajibu mwingine ni wa vyuo vikuu. Mwanafunzi wa Kiswahili husoma isimujamii na lahaja, akafaulu, kisha huenda kwenye mazoezi ya kufundisha na kusahihisha "ndia" kwa mkwaju mmoja wa kalamu, kana kwamba hakusoma lolote. Idara za Kiswahili ziwatake wanaokwenda mazoezini waandike, katika juma la kwanza, lugha zinazozungumzwa nyumbani kwa kila mwanafunzi na aina ya makosa yanayojitokeza. Kazi hiyo haihitaji ufadhili wowote. Inahitaji daftari, na mwalimu aliye radhi kuuliza kabla ya kusahihisha.